Nilikuja, kwa Mlango wa Jikoni

Kezia mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na "mimi mzima wa afya, sijui wewe uliye mbali." Mbali ni kesho. Leo uko kanisani Ingleburn, vijana wa kwaya wanakuaga, na najua chakula ni kingi. Mimi nimesema kichwa kinaniuma nikabaki nyumbani. Kichwa hakiniumi. Nina hasira, na nina jambo nimelikalia miaka miwili. Nikilisema kwa mdomo utanijibu kwa Kiingereza chako cha haraka, nitakwama katikati, na tutaishia kununiana siku ya mwisho. Kwa hiyo naandika. Isome kwa sauti, maana Kiswahili chako kiko masikioni kuliko machoni.

Habari za kula, za koti na za kupiga simu ukifika sitaziandika. Baba yako amekuandikia orodha ya kurasa mbili, iko kwenye mfuko wa mbele wa begi. Usimcheke.

Jambo lenyewe ni hili. Jioni ile ulipopiga tarumbeta kwenye klabu kule Parramatta, ukaniwekea kiti mbele, kiti kikabaki kitupu mpaka mwisho, na mimi nikakuambia kwamba kazini waliniongezea shifti: nilikudanganya. Nilikuja, Kezia. Nilikuwa ndani ya jengo lile kabla hujapanda jukwaani, na nilitoka baada ya watu wote kuondoka.

Sasa ngoja nianze mbali kidogo, maana ukisikia hilo peke yake utafikiri mama yako ni kichaa.

Uliposema mara ya kwanza kwamba unataka kupiga jazi, nilipiga kigelegele. Nilidhani naijua. Kwetu jazi ni bendi. Mkiwa na magitaa matatu, tarumbeta mbili na mtu wa kuimba habari za mke aliyemkimbia, mnaweka jina la mji wenu mbele, mnaongeza neno Jazi nyuma, kazi imekwisha. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma redio ilipiga jazi za namna hiyo kila Jumapili mchana. Mimi na baba yako tulikutana tukizicheza, ingawa yeye hung'ang'ania kwamba tulikutana kwenye foleni ya maji. Basi nikawatangazia akina mama wote wa kanisani kwamba Kezia wangu anapiga jazi. Siku ya onyesho la shule nikaja nao sita, tumevaa vitenge sare, tumejiandaa kucheza. Ukapiga kitu kisicho na mahali pa kutia mguu. Mama Divine alijaribu. Alisimama, akayumba huku, akayumba kule, akakaa. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Minto akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mwalimu wenu alikuwa mgonjwa siku hizo.

Nikakuuliza mezani, hii ni jazi gani isiyochezeka? Ndipo uliponieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, ukiwa umeshika kijiko hewani na wali unapoa. Uliniambia watu weusi wa Marekani walioutengeneza muziki huo walipiga katika hoteli ambamo wao wenyewe hawakuruhusiwa kulala. Walipita jikoni, katikati ya masufuria, na suti zao na viatu vyao vinavyong'aa, wakapanda jukwaani, wakawapigia watu wanaokula, kisha wakatoka kwa jikoni tena wakatafute pa kulala upande wa pili wa mji. Uliniambia kuna kumbi zilizofungwa kamba katikati, weupe huku, weusi kule, muziki mmoja. Na kwamba baadhi yao walichoka. Wakaanza kuufanya muziki usichezeke, usiwe wa kumsindikizia mtu mlo wake. Anayeutaka na anyamaze, asikilize. Na watu walipotoka barabarani kudai haki zao, muziki huo ulitoka nao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mama Divine hakupata pa kutia mguu. Palikuwa pameondolewa makusudi.

Na mimi, baada ya kuelewa vizuri hivyo, nilikujibu nini? Nilikuambia hayo ni ya zamani, na ni ya Marekani. Hapa tumepokelewa, tushukuru. Kisha nikakuambia upunguze sauti kwa sababu ya jirani. Ndiyo nilivyokujibu. Unakumbuka nilikwenda mwenyewe dukani nikakununulia kile kizibo cha kutia mdomoni mwa tarumbeta ili isisikike? Nilikileta kama zawadi, nimekifunga kwa karatasi ya maua. Jirani huyo huyo kila Jumamosi saa moja asubuhi huwasha mashine ya kukatia majani mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na mbwa wake hubweka kama analipwa. Hakuna hata siku moja niliyokwenda kugonga mlango wake. Aligonga wangu mara moja tu, nikaenda kukuziba.

Sasa turudi Parramatta.

Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha bluu cha harusi ya Divine. Kilemba kimesimama. Viatu vya kisigino, vile ulivyosema vinanifanya nionekane waziri. Nilishuka treni nikatembea polepole ili nisitoke jasho. Mlangoni alikuwepo mlinzi, kijana mpana, ndevu zimechongwa vizuri. Mbele yangu waliingia watu wanne akawasalimu, hakuwauliza kitu. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeshika tiketi mkononi. Hakuitazama. Alinitazama mimi, akanyoosha kidole pembeni ya jengo.

"Wafanyakazi wa jikoni ni mlango wa nyuma, mpenzi."

Mpenzi! Katika mji huu hata anayekufukuza hukuita mpenzi. Nani, nakuuliza, nani huenda kuosha vyombo na viatu vya kisigino? Lakini yeye hakuviona viatu. Hakukiona kilemba. Aliona rangi, akaona karai la vyombo, basi.

Na mimi nikasema asante.

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nikiwa naendesha gari, likinijia, naupiga usukani kwa kiganja. Mtu amenitukana bila hata kujisumbua kukasirika, na mimi nikamshukuru. Nikakunja tiketi, nikaitia kwenye pochi, nikazunguka jengo.

Unajua kwetu tukisema mtu kaingia kazini kwa mlango wa nyuma, maana yake ana mjomba mkubwa serikalini au ametoa chai. Mimi nadhani ni Mrundi wa kwanza kupita mlango wa nyuma bila mjomba na bila chai, na kazi nikapewa papo hapo. Huko nyuma palikuwa na mpishi mkuu, mwanamke mwembamba aliyewiva kwa joto, na walikuwa wamepungukiwa mtu. Alitazama mavazi yangu akashangaa. Namshukuru kwa mshangao huo, ndio mshangao pekee niliopewa jioni ile. Nikamwambia binti yangu yuko hapa. Akaniuliza kama binti yangu naye yuko kazini leo. Nikafikiri. Ulikuwa kazini kweli. Nikasema ndiyo. Akanipa aproni.

Usifikiri ni Kiingereza kilichonipungukia. Kiingereza ninacho, naandika ripoti za wazee ninaowahudumia kila siku na hakuna anayezirudisha. Ni kwamba kambini tulikaa miaka kumi na mmoja, na kambini ukiambiwa pita huku, unapita huku. Ukiambiwa simama pale na kadi yako, unasimama. Anayeuliza kwa nini hukosa zamu yake, na watoto wake hulala njaa. Tulikuwa na methali yetu ya kujifariji: mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimeibusu mikono mingi, Kezia. Nimeibusu hata ile ambayo ningeweza kuikata, kwa mazoea tu. Mkono wa mlinzi yule haukuwa na nguvu yoyote juu yangu. Nilikuwa raia. Nilikuwa na tiketi. Ningesema neno moja tu, angesogea.

Basi nikaosha glasi. Kati ya jikoni na ukumbi palikuwa na mlango wa kusukuma, na kila mhudumu alipopita na sahani ulifunguka, nikasikia kipande chako, kisha ukajifunga. Nilikusikia vipande vipande jioni nzima. Kipande kimoja cha juu sana, kama mtu anayeita mtu aliyevuka mto. Halafu ngoma peke yake. Halafu wewe tena, chini, unanung'unika. Nikajikuta naosha glasi moja muda mrefu, nikingoja mtu apite.

Kisha mhudumu mmoja aliyebeba trei mbili akauzuia mlango kwa mguu, akasimama kusikiliza, maana wewe ulikuwa unaongea. Ulisema wimbo unaofuata umeutunga mwenyewe, kwa ajili ya wanamuziki wale waliopitishwa jikoni. Ukaeleza habari zao, vilevile ulivyonieleza mimi mezani. Ukasema mama yako ndiye mtu wa kwanza uliyemsimulia habari hizo, na yuko hapa leo, kwenye kiti kile pale mbele. Ukanyamaza. Najua kwa nini ulinyamaza.

Watu wakapiga makofi marefu. Watu wazuri, wenye huruma, waliopangusa macho kwa ajili ya weusi wa Marekani waliokufa zamani. Walipomaliza kupangusa macho wakamaliza kula, na sahani zao zikaja kwangu.

Utaniuliza kwa nini sikuivua aproni nikatoka. Mlango ulikuwa wazi. Hatua kumi tu. Nimejiuliza mimi mwenyewe kuliko utakavyoniuliza. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka magotini, mikono imejaa povu, kilemba kimelala kama kuku mgonjwa, na niliona nitakuaibisha. Yaani mimi nimedhalilishwa, halafu aibu nikaibeba mimi! Hasira ndiyo iliyokuwa haki yangu, aibu ilikuwa yao, na nilibadilisha mizigo. Usifanye kosa hilo. Makosa mengine yangu yote nakuruhusu uyarithi, hata lile la kupenda kugombana na madereva wa basi. Hilo usilirithi.

Nyumbani nikakuambia shifti iliongezwa. Baadaye nikakusikia kupitia ukutani ukimwambia baba yako kwamba Mama anauchukia muziki wako. Kiingereza hicho nilikielewa chote. Nikalala. Tangu siku hiyo hujaniwekea kiti tena popote, wala hujapiga tarumbeta nyumbani mimi nikiwepo, na sikuwa na la kusema, kwa sababu la kusema lilikuwa moja tu na nililimeza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi yaliniumbua polepole, kila ulipofunga mlango wa chumba chako.

Aliyenifungua mdomo ni Anti Mavis. Nimekutajia, yule bibi ninayemhudumia kule nyumba ya wazee Campbelltown, mwenye ulimi mkali. Ni wa wale weusi wenye nchi hii, waliokuwepo kabla ya wazungu kuja, na wao humwita mzee wao Anti kama sisi, kwa hiyo tulielewana siku ya kwanza. Siku moja namwogesha, redioni kukapigwa tarumbeta, nikaanza kulia bila kujua. Akataka kujua nimefiwa na nani. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongo, kisha akatukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Akanisimulia kwamba alipokuwa msichana, katika mji wao mdogo huko bara, wao walikalishwa viti vya mbele kabisa sinema, chini ya pazia la picha, nyuma ya kamba, shingo zikawauma, na kwenye bwawa la kuogelea hawakuingia kamwe. Hapa hapa, Kezia. Katika nchi hii niliyokuambia hayo ni ya Marekani.

Halafu akaniuliza, "Na mtoto anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi bado unaosha glasi," akasema, akafumba macho nimmwagie maji.

Aliniuliza pia kama kwetu tulikuwa na kamba. Nikajibu haraka, hapana, kwetu tulikuwa na vita, kamba hatukuwa nayo. Nilifika nyumbani nikakumbuka kibuyu. Sijawahi kukuambia hili. Nilipokuwa msichana kule kwetu Makamba, Watwa, wale wafinyanzi waliodharauliwa na wote, walikuja kutuletea vyungu. Mama yangu alikuwa mtu wa sala, hakuna aliyetoka kwake na njaa. Lakini Mtwa alikaa nje ya ua, na pombe yake alitiliwa kwenye kibuyu kilichomeguka mdomo, kilichotundikwa peke yake nyuma ya nyumba, na aliyempelekea ni mimi. Wengine wote walinywa chungu kimoja, mirija yao inagusana. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na binti wa umri wangu. Alipokea kile kibuyu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema asante. Nami nilirudi ndani nikirukaruka.

Kwa hiyo asante ile ya Parramatta niliitambua. Niliijua toka upande wa pili. Nakuandikia haya ili usiende huko ukidhani hasira yetu ni safi kama maji ya dukani. Si safi. Lakini ni yetu, na uchafu wake haumpi mlinzi yule ruhusa ya lolote.

Sasa unakwenda New Orleans, kusoma muziki huo pale ulipozaliwa, na kila mtu anakuambia uwe mnyenyekevu, ushukuru, uwe na adabu. Hata mchungaji leo atakuambia, nakuapia. Adabu unayo, nimekufundisha kupita kiasi. Nilikufundisha kupokea kwa mikono miwili na kupunguza sauti, na sikukufundisha kusimama mlangoni na kusema "tazama tiketi yangu" mara ya pili na ya tatu. Nisingeweza kukufundisha, sikuwa najua mwenyewe. Naanza kujua sasa, na miaka yangu hii.

Jana nilikwenda Parramatta. Nilimwambia baba yako nakwenda kununua sabuni. Nilivaa kitenge kile kile cha bluu, kilichofuliwa mpaka alama za maji zikatoka. Mchana hakuna mlinzi. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikapita juu ya zulia lote, nikaingia ukumbini. Viti vimepangwa kama vya siku ya onyesho. Nikakitafuta changu kwa namba, nikakaa, pochi magotini. Mwanamume mmoja alikuwa anafuta meza. Akaja, kwa adabu, siwezi kumsingizia.

"Umekuja kwa ajili ya ile kazi ya jikoni?"

Miaka miwili, Kezia. Hata kiti nimekikalia!

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja kumsikiliza binti yangu."

Akatazama jukwaa. Palikuwa na kinanda kimefunikwa shuka, basi. "Leo hakuna muziki hapa, mama."

"Najua," nikasema. "Nimechelewa."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alirudi kwenye meza zake. Nikakaa muda wa onyesho zima, nikajaribu kuviunganisha vile vipande nilivyovisikia, cha juu, cha ngoma, cha kunung'unika, lakini havikushikana. Vingi vilibaki upande wa pili wa mlango. Nikalia, nikajifuta kwa ncha ya kitenge, nikaondoka kwa mlango niliokuja nao. Sabuni nilisahau.

Barua hii nimeiweka ndani ya sanduku la tarumbeta, mahali pa kizibo, pamoja na tiketi ile ambayo haikuchanwa. Sanduku nimeliacha wazi kitandani mwako, uione leo hii ukirudi. Kizibo nimekitoa. Wakikihitaji huko kwa ajili ya muziki, utanunua kingine, lakini kile nilichokununulia mimi kwa ajili ya jirani hakitoki katika nyumba hii.

Kesho ni Jumamosi. Gari la kwenda uwanja wa ndege linakuja saa tatu. Sikuombi unisamehe mezani mbele ya baba yako, tutalia wote na chai itapoa. Nakuomba kitu kimoja tu. Saa moja kasorobo, kabla jirani hajawasha mashine yake, toka uani na tarumbeta, unipigie ule wimbo wa jikoni. Wote, toka mwanzo, sauti yote. Akigonga mlango nitakwenda mimi, na safari hii nina maneno.

Kiti nimekwisha kukitoa nje. Kiko mbele.

Mama